Pilipili za Goesan

Siku ya tisa ya mvua, taulo zilitoka mbichi tena. Nilizikamua juu ya sakafu ya roshani, maji yakanidondokea vidole vya miguu, na nje mvua ya Agosti iliendelea kuupiga mji wetu wa Gwangju bila haya. Mashine ya kukaushia nguo ilikuwa imezunguka dakika kumi, ikazima, ikawasha taa nyekundu. Kijitabu chake kilisema taa hiyo ni hitilafu ya joto.

Fundi wa kampuni alikuwa ameshakuja. Bila hata kutoa bisibisi mfukoni, alisema mashine imekufa ubongo, tununue nyingine. Mimi sikukubali. Kabla sijaolewa nilikaa miaka sita kiwandani nikipima vihisi joto, zile punje ndogo zenye nyaya mbili zinazoiambia mashine hewa imepata moto kiasi gani. Kisha akazaliwa binti yetu So-dam, nikabaki nyumbani. Miaka minne baadaye nilipomwambia mume wangu Dal-su kwamba nataka kusomea ufundi darasa la jioni, alicheka.

"Mama So-dam," Dal-su aliniambia asubuhi ile akivaa viatu, "itengeneze hiyo mashine kabla sijarudi. Ukiweza, Jumanne na Alhamisi napika mimi, namlaza mtoto mimi, wewe nenda kasome."

"Na nisipoweza?"

"Tunanunua mpya, na habari za ufundi nisizisikie tena."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi niliuchukua kwa uzito. Nimefungua mashine nyingi tangu siku hiyo, na hakuna ninayoikumbuka kama ile.

Mama mkwe, aliyekuwa kwetu wiki ya pili sasa kutoka shambani kwake Goesan, alikaa akimenya vitunguu saumu. "Iache tu, mwanangu," alisema. "Kilichokufa kimekufa." Nilishangaa. Huyu ni mtu asiyetupa hata kamba ya gunia la mchele.

Nilichomoa waya ukutani, nikafungua mgongo wa mashine, nikakitoa kihisi. Kilikuwa kimevaa utando mnene wa vumbi la nguo, nami sikuujali. Kiwandani vilinifikia vikiwa safi, kwa hiyo sikuwahi kujifunza kuogopa uchafu. Nilikiunga kwenye mita ya kupimia ukinzani wa umeme. Kihisi kizima kikipata joto namba hushuka, kikipata baridi hupanda. Nilikitia ndani ya friji la kimchi, katikati ya makopo ya kabichi iliyochachushwa, namba ikajikokota kidogo tu. Nikakilaza sakafuni karibu na jiko, mahali panapopata moto kuliko pote, maana tulikuwa tumewasha mabomba ya joto yanayoanzia hapo na kupita chini ya sakafu, kupambana na unyevu. Namba haikushtuka.

Basi kilikuwa kimekufa kweli, na kipya kingechukua wiki kufika. Nilikaa palepale sakafuni nikalia, na sioni aibu kusema hivyo.

Mama mkwe akaweka kisu chini, akaja akapiga magoti, akakichukua kihisi na kuanza kukiparua kwa ukucha. Utando ulibanduka vipande vipande, na kwa ndani ulikuwa mwekundu. Akapiga chafya. Nami nikapiga chafya.

"Mama," nilisema polepole, "hii ni pilipili."

"Sasa ningefanyaje?" alisema akitazama sakafu. "Jua la kuzianika liko wapi? Zile nilizokuja nazo kutoka shambani zilikuwa zinaoza. Siku mliyompeleka mtoto kliniki nikazitia kwenye foronya, nikaifunga vizuri kabisa, nikaiingiza kwenye mashine. Nilijuaje itapasuka? Usimwambie Dal-su. Atanicheka mpaka kaburini."

Nililia tena, safari hii kwa kicheko. Tulikisugua kihisi kwa mswaki mkuukuu na maji ya vuguvugu, tukakikausha, tukakirudisha sakafuni. Kumi, tisa, nane, saba: namba ziliteremka mbio. Tulipokitia kwenye friji zilipaa hadi thelathini, na mama mkwe akapiga makofi kama mtoto.

Jioni nilimpokea Dal-su mlangoni na taulo yenye moto iliyotoka mashineni. Alijifuta mvua usoni, akapiga chafya mbili.

"Mbona inanukia pilipili?"

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake.

"Jumanne unatupikia nini?" alimuuliza.

Siku hizi mimi ndiye ninayeitwa mashine za watu zinapowasha taa nyekundu. Kila mvua za Agosti zikirefuka, hutokea nyumba moja ambamo wenyewe wanalaumu kampuni, huku bibi mmoja pembeni akimenya vitunguu kwa bidii isiyo ya kawaida. Simuulizi kitu. Nafungua mgongo wa mashine, kisha natoa mswaki.