Wageni wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu asubuhi mshonaji alifungua kopo la sukari akakuta sisimizi wameshatangulia. Aliwapepeta, akaliweka kopo katikati ya sinia la maji, akachora mstari wa chaki kizingitini, akamwaga siki nyuma ya jiko, kisha akarudi kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule ishirini na mbili za kumaliza.

Jumanne sisimizi waliacha sukari wakamchukua mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa akilala chumba cha nyuma, kando ya stoo, tangu kiuno kilipomgomea. Mwanawe, fundi redio, kila asubuhi alipita mlangoni akiuliza, "Umeamkaje, Mama?" na jibu lilimkuta ameshafika nje. Mshonaji alipeleka chakula kwa wakati na kuchukua vyombo kwa wakati. Siku hiyo alisikia mchakacho, akainua macho, akaona kitanda kinakuja ukumbini taratibu, kimebebwa na sisimizi wasio na idadi. Kilipofika kwenye mlango mwembamba kililala ubavu, kikapita. Mama mkwe alishikilia shuka tu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Napelekwa. Niliwaambia kule nyuma sina wa kuongea naye, wakaitana."

Mshonaji alisogeza cherehani kupisha. Jioni yeye na mumewe walikirudisha kitanda, kila mguu wakausimamisha ndani ya kopo la mafuta ya taa. Jumatano kitanda kilikuja na makopo yake. Hakuna tone lililomwagika.

Alhamisi wakamwita mpuliza dawa. Alitua bomba lake, akasema, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa, akapiga magoti kuufuata msafara hadi chini ya kitanda. Mama mkwe alikuwa anasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuja kumposa na viatu vya kuazima, vyote vya mguu wa kushoto. Mpuliza dawa alitoka chini ya kitanda hadithi ilipoisha.

"Dada, hawa hawali kitu," alimwambia mshonaji. "Wanasikiliza. Mimi nina dawa ya wadudu. Ya wageni sina."

"Sasa tufanyeje?"

"Kaeni naye nyinyi. Wakikosa nafasi wataondoka wenyewe."

Fundi redio alipoambiwa aliguna. "Fundi gani huyo, anapuliza maneno." Lakini Ijumaa alibeba kigoda akaenda chumba cha nyuma. Mama yake alifunga kilemba upya kwa ajili yake. Akamweleza siku aliyozaliwa: mvua, barabara imekatika, mkunga kabebwa mgongoni huku anagombana na aliyembeba. Fundi redio hakuwahi kuyasikia hayo. Alicheka, akasogeza kigoda karibu. Sisimizi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu walioona mwenyeji amefika.

Simu ikaita. Ilikuwa ya mteja.

"Nakuja sasa hivi, Mama."

Alikuja kukumbuka Jumamosi, akipiga mswaki. Aliona haya, na kwa sababu ya haya akaupita ule mlango bila hata kuuliza mama kaamkaje.

Sisimizi walirudi na ndugu zao.

Siku hizi nyumba imeshazoea. Mshonaji hanunui tena siki, na akifagia hufagia pembeni ya msafara. Fundi redio aliupanua mlango kwa shubiri mbili ili Mama asiwe anapitishwa ubavu, na majirani wakamsifu: mtoto anayemjali mzazi wake namna hii si rahisi kumpata. Alishukuru. Kila siku saa kumi kitanda hufika ukumbini, hushushwa kati ya kochi na dirisha, na sisimizi hujipanga sakafuni kuanzia mbele, wadogo kwanza.

Jumapili iliyopita mama mkwe alikuwa amefika mahali patamu pa hadithi. Mwanawe alikaa kwenye kochi, hatua mbili kutoka mto wake, miguu ameikunja asikanyage mtu.

"Mama," alisema bila kugeuka, "punguza sauti kidogo. Mpira unaendelea."

Mama mkwe akapunguza sauti. Sisimizi wakasogea karibu.