Kinyonga Ampiga Kinyonga

Kisa hiki ni kweli tupu, hakikutiwa chumvi hata punje, na Fundi Saa yuko tayari kuapa mbele ya mtu yeyote, mradi mtu huyo asiwe mke wake.

Tangu astaafu kutengeneza saa, Fundi alikuwa na kazi moja tu: kuzipambanisha programu za sataranji kwenye kompyuta. Alijifundisha mwenyewe, akaunda programu yake, akaiita Kinyonga. Shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mshonaji wa nguo, naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Ya kwake iliitwa Sindano.

Jumamosi moja wakawekeana dau. Kinyonga akishinda, Shemeji atamshonea Fundi suti. Sindano akishinda, Fundi atanyoa masharubu. Na masharubu yenyewe si mchezo: mazito, ncha zimepinda juu, ameyalea tangu enzi za uchumba, akiyapaka mafuta kabla hata ya kunawa uso.

"Andaa kitambaa, Shemeji."

"Wewe noa wembe."

Shemeji akamwachia Sindano ndani ya flashi, akarudi kwenye cherehani yake chumba cha pili. Fundi aliahidi kutobandua macho kwenye skrini. Akafungua mashindano, akachagua mchezaji wa kwanza, akachagua wa pili, akabonyeza. Basi usingizi wa mchana, ambao hauna adabu wala haubishi hodi, ukamkuta kwenye kochi.

Alipozinduka, michezo ilikuwa imekwisha. Mshindi wa mchezo wa kwanza: Kinyonga. Wa pili, baada ya kubadilishana nyeupe na nyeusi: Kinyonga. Mpaka wa mwisho: Kinyonga, Kinyonga, Kinyonga.

"Njooni mwone maajabu!" akapiga yowe.

Shemeji akaja na futi yake ya kupimia shingoni, dada yake nyuma.

"Ulikuwa unaangalia kweli?" Shemeji akauliza.

"Kope na kope hazikugusana! Sindano alianza kwa mbwembwe, Kinyonga akamtazama tu. Feni ya kompyuta ikanguruma, pazia likapepea, paka akatoka nduki. Nikamwona malkia wa Sindano anatetemeka."

"Malkia wa kwenye skrini?" mkewe akauliza.

"Anatetemeka, mke wangu, kwa macho yangu haya! Mfalme wake naye, kwa woga, akaruka akajificha nyuma ya ngome. Kinyonga akamfuata hukohuko, akamtoa kwa masikio."

Shemeji akasogea karibu. "Alijificha nyuma ya ngome?"

"Nyuma kabisa. Michezo yote! Mwoga kama wewe, mama yake."

"Shemeji yangu kipenzi," akasema taratibu, "hatua hiyo sijamwandikia bado. Sindano hajui hata kama mfalme anaruhusiwa kujificha."

Fundi akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Sasa aliyejificha ni nani?" mkewe akauliza.

Shemeji akainama, akafungua mchezo wa kwanza. Nyeupe: Kinyonga. Nyeusi: Kinyonga. Fundi alikuwa amemchagua mwanawe mara mbili.

"Hongera! Kinyonga kampiga Kinyonga. Angeshindwaje?"

"Kidole kiliteleza tu," Fundi akajitetea.

"Na shavu?" mkewe akamgusa. "Mbona limechorwa mistari ya kochi?"

Ikaamuliwa irudiwe papo hapo, wote watatu wakiangalia. Safari hii Shemeji ndiye aliyechagua wachezaji. Mfalme wa Sindano akabaki wazi katikati ya uwanja kama mgeni aliyenyimwa kiti. Kinyonga kuona hivyo akashikwa na tamaa, akamtuma malkia wake mbio mbio, nyumbani kukabaki hakuna mlinzi. Farasi wa Sindano akaingia kwa mlango wa nyuma. Mfalme wa Kinyonga chali. Mchezo uliofuata, yaleyale. Kinyonga aliambulia sare moja, Fundi akaishangilia peke yake.

Ilipokwisha, mkewe alileta beseni na sabuni, Shemeji akamfunga kitambaa shingoni kwa heshima zote za mteja.

"Taratibu basi," Fundi akanong'ona.

"Tulia, usije ukapoteza na pua."

Wembe ukapita. Mkewe akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa upande, akamkagua.

"Kumbe hapa palikuwa na mdomo! Miaka yote hii, mdogo wangu, nilikuwa nabusu ufagio."