Unakwenda ya Ngapi?

Basi bwana, jengo la bima lilipowekewa lifti inayojiendesha yenyewe, yenye sauti ya mwanamke anayetaja ghorofa kwa mapozi, mwendesha lifti wa zamani alivua kofia yake, akakunja glavu zake nyeupe, akaondoka bila kugombana na mtu. Watu wote walimwita Lifti, hata mkewe. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Wenzake wa rika lile wakiachishwa kazi hufuga kuku. Yeye alirudi nyumbani, akaketi kitandani, akasema, "Mama watoto, nataka kuwa rubani."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Rubani wa nini?"

"Wa ndege. Nimepandisha na kushusha watu maisha yangu yote, sijamwangusha hata mmoja. Kilichobaki ni kuongeza ghorofa tu."

Mkewe akamshika paji la uso. Halikuwa na homa. Akaendelea kukunja nguo.

Usidhani alikuwa anatania. Wiki ileile alijiandikisha chuo cha urubani nje ya mji, penye uwanja mdogo na mnara wa kuongozea ndege usiozidi tangi la maji kwa urefu. Daktari wa chuo akamuuliza kama kwenda juu kunamtisha. Lifti akasema juu hakujawahi kumsumbua. Kinachomtia kichefuchefu ni kwenda mbele. Daktari akacheka mpaka machozi, akampitisha. Maskini, alidhani ni mzaha.

Mwalimu wake alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, wa umri wa kifungua mimba wake. Alimwita Lifti mzee wangu, naye akaitwa mwalimu, heshima juu ya heshima, mpaka walipoingia kwenye ndege. Humo heshima iliwatoka wote wawili. Ndege ilipoanza kukimbia ardhini, Lifti alitapikia kofia yake. Ilipoiacha ardhi tu, akapona. Akafuta midomo, akanyoosha mgongo, akatangaza kwa sauti ya kazini: "Tunapanda!"

Hapo kasheshe ikaanza. Alipanda kidogo, akailaza ndege sawa, akasubiri. Akapanda tena kidogo, akasubiri tena.

"Mzee wangu, tunasubiri nini?"

"Labda kuna anayeshuka."

"Ashukie wapi? Tuko angani!"

"Ghorofa ya sitini hivi," akasema Lifti, akichungulia nje. "Huwezi kujua, mwalimu. Watu wana shughuli zao."

Mwalimu alipiga kelele hadi koo likakauka. Lakini kwenye kutua, haki ya Mungu, hakuwa amewahi kuona mwanafunzi wa namna ile. Magurudumu yaligusa ardhi kimyakimya, kwa sababu mzee yule alizoea kusimamisha lifti pale ambapo sakafu ya ndani na ya nje zinalingana, bibi kizee wa watu asije akajikwaa. "Ghorofa ya chini," akasema, akamfungulia mlango. Mwalimu alishuka huku hasira na furaha zinagombana usoni, hajui atoe ipi.

Miezi ikapita. Kichefuchefu kikapungua, na vile vituo vya angani vikapungua pia. Siku moja mwalimu akamwambia kwamba kesho yake ataruka peke yake. Lifti akaipeleka habari nyumbani mbio.

"Uruke?" Mkewe akashtuka. "Na goti hilo?"

"Niruke na ndege, jamani!"

"Ala! Sema basi."

Kesho yake Lifti alikaa kwenye ndege, injini inanguruma, njia nyeupe mbele yake, na mkono ukagoma. Mwalimu alikuwa mnarani, anamwambia kwa redio aondoke. Hakuondoka. Alikigeukia kiti cha pembeni, akakikuta kitupu, akazima injini. Siku iliyofuata alikifungia mkanda kikapu chake cha chakula kitini pale, akakitazama kwa adabu, lakini kikapu nacho hakikumwambia kitu. Mkuu wa chuo akachoka. Akasema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akishindwa, aende zake akafuge kuku. Kila mtu na kuku!

Jioni mkewe akamuuliza wakiwa mezani, "Unaogopa?"

"Siogopi."

"Sasa nini?"

Lifti akasukuma sahani. "Hakuna abiria. Miaka yote ile mtu anaingia, namuuliza, unakwenda ya ngapi? Ananiambia, nampeleka. Sasa nakaa pale, hakuna wa kuniambia. Mama watoto, sijui nakwenda wapi." Akaona haya mbele ya mkewe kama mgeni. Mkewe alimwongezea chakula tu, akamkazia macho mpaka akala.

Siku ya tatu mama watoto alivaa viatu vyake vya kuendea harusi, akafuatana naye chuoni, akapanda ngazi za mnara akihema. "Watu wanarusha ndege," akalalamika, "halafu jengo lao halina lifti!"

Kule chini ndege ilikuwa inanguruma palepale. Mwalimu ameshika redio, anabembeleza: "Twende, mzee wangu. Twende, baba." Ndege haisogei. Mkuu wa chuo akaanza kutikisa kichwa.

Mama watoto akamnyang'anya mwalimu redio.

"Wee Lifti!"

"Mama watoto? Unafanya nini huko?"

Mkewe akasafisha koo. Kisha akaitoa ileile sauti ya upole aliyokuwa akimsikia nayo mumewe enzi zile alipompelekea chakula kazini.

"Karibu, mzee. Unakwenda ya ngapi?"

Redio ikakwaruza. Wakurugenzi, makarani, wafagiaji, wote Lifti alikuwa amewauliza swali lile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumgeukia akasema, na wewe je? Mnarani walisikia mtu anapumua, kisha mtu anavuta kamasi.

"Ya juu kabisa," akasema Lifti kwa sauti ndogo.

"Haya. Tunapanda!"

Na akapanda, jamani! Hakusimama popote, hakumsubiri mtu yeyote. Mkewe alishikilia dirisha la mnara, analia na kumtukana kwa pamoja. "Mwone yule mjinga wangu. Mwone!"

Alipotua, mama watoto alikuwa ameshafika pale chini, viatu mkononi. Mwalimu anapiga vigelegele, mkuu wa chuo anawaeleza kwamba hakuna shirika linaloajiri rubani mwenye mvi. Hakuna aliyemsikiliza.

"Ghorofa ya chini," akasema Lifti kwa mazoea, akafungua mlango ashuke.

Mkewe hakumpisha. Alipanda, akaketi kwenye kile kiti kitupu, akafunga mkanda. Mwalimu akapiga ukelele kwamba hairuhusiwi, abiria bado, mzee hajafika huko. Mama watoto akavuta mlango, ukafungika pu!

Lifti akachomoa glavu zake nyeupe mfukoni, akazivaa.

"Unakwenda ya ngapi, mama?"

"Hiyohiyo yako."