Uzito wa Pole

Kila asubuhi Muhawenimana alishuka kilima cha Rubaya na gunia la madini ya koltani mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Gunia lilikuwa la kilo arobaini. Muuguzi alikuwa amemkanya asizidishe ishirini, la sivyo goti lake la kushoto halingefika Noeli.

Bahati nzuri, njia ile ilikuwa na watu wenye adabu. Papa Jean de Dieu, mkulima wa maharagwe, alipomwambia "pole", kilo tano zilimtoka mabegani. Mukabaranga, muuza maziwa, alilitoa kwa Kinyarwanda, "komera", nalo lilishika magoti: kilo nane. Fundi wa pikipiki aliyewahi kuishi Kisangani alisema kwa Kilingala, "mpiko", kilo saba. Mwalimu alisema "courage" na kilo kumi nzima zikaondoka, ila zilirudi mara tu mama huyo mbebaji alipokata kona. Hakuna aliyemlaumu mwalimu, Kifaransa chake kilikuwa cha kazini.

Kwao lilikuwa neno moja tu, kila mtu alilitoa kwa lugha aliyokuwa nayo. Muhawenimana alifika chini akihisi kilo ishirini, na mizani ya depo ilionyesha arobaini kamili, maana madini yenyewe hayakupungua hata chembe.

Aliyegundua ni Shyaka, kapita aliyewasimamia wabebaji.

"Mama, hautokake jasho," alisema. "Tutaongeza kidogo."

"Si miye njo niko na nguvu, Papa. Ni bantu ya ku njia."

"Basi ubaambie aksanti."

Kesho yake gunia lilikuwa la kilo sitini. Alipita kwa wote wanne, akapewa maneno yote, na alipofika chini alihisi arobaini, uzito kamili wa gunia lake la zamani. Goti likavimba. Watu wa njiani waliumia sana, kwa kuwa walimpenda, wakafikiria kunyamaza ili kapita asifaidi. Lakini sitini bila neno zingemvunja siku hiyohiyo. Wakaendelea.

Juma lililopita Mukabaranga alishikwa na malaria, hata kuketi hawezi. Binti zake walimtoa nje na godoro lake, wakamlaza kando ya barabara. Muhawenimana alipokaribia, mgonjwa alifungua jicho moja.

"Komera," alisema.

"Komera nawe, dada."

Kilo nane zikaondoka. Binti wakamrudisha mama yao ndani, wakamfunika blanketi mbili. Saa tano wakamtoa tena, kwa ajili ya gunia la pili.