Babu Alipoanza Kutazama Chini

Kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo yake. Babu Semboja alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, anatazama vidole vyake kama mtu aliyedondosha sindano. Nilisimama mlangoni na fagio mkononi. Sikuwahi kumwona akitazama vidole vyake.

Kwa asiyeijua kazi yake, nieleze. Babu huandika wasifu wa marehemu. Hapa Korogwe, na huko juu Vugiri anakotoka, Mkristo hazikwi bila wasifu wake kusomwa: alizaliwa wapi, alifunga ndoa na nani, aliuguaje, ameacha watoto gani. Wengine hupeleka karatasi kwa vijana wa stendi, wakachapiwa. Kwa Babu huji na karatasi. Unakuja na ndugu zako, mnakaa kwenye benchi, mnaongea, naye anaandika hapo hapo huku akiwatazama usoni. Alijifunza kupiga taipu ujanani, katika ofisi ya shamba la mkonge, na tangu hapo vidole vyake havikuhitaji macho. "Mfiwa ukimtazama, anasema," aliwahi kuniambia. "Ukitazama mashine, na yeye anatazama mashine." Basi watu walilia pale, walicheka, walibishana kama marehemu alianza kazi Mombo au Mnyuzi, na vidole vya Babu vinaendelea tu, kama kuku wanaodonoa mahindi.

Mimi nilikuwa mtu wa kufagia na kutoa fotokopi. Mama alinileta kutoka Handeni nimsaidie Bibi Raheli, mke wa Babu, alipoanza kuumwa. Bibi alipofariki nilibaki. Nalala kwa shangazi Shamimu, mtaa wa pili. Asubuhi nakuja, jioni narudi. Babu hakuwa mkali. Ila siku nzima ilikuwa inapita tumesema shikamoo, marahaba, chai iko tayari, basi. Mimi si mtu wa kuanza maneno, na yeye maneno yake aliwawekea wafiwa.

Aliyemwinamisha shingo ni Gerald, mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuja Pasaka, akaiwasha kompyuta ya baba yake, akatikisa kichwa.

"Baba, mfumo huu umezeeka. Walioutengeneza wenyewe wameshautupa. Virusi vikiingia, wasifu zako zote zimekwenda."

"Wasifu unasomwa mara moja, kisha mwenyewe anafukiwa," Babu akasema. "Hivyo virusi vinautakia nini?"

Gerald akacheka, akaweka mfumo mpya. Kompyuta kwa nje ilibaki ile ile. Ndani ilikuwa kama nyumba iliyopata mkwe mpya, na Babu aliuita hivyo hivyo: Mkwe. Kitufe cha kuanzia, kilichokaa miaka yote kwenye kona ya kushoto, kilihamia katikati. Pale palipokuwa na maneno ya kunakili na kubandika pakabaki vipicha vidogo visivyosema kitu. Na kando ya kioo zilichomoza habari ambazo hakuna aliyeziita: mvua, mpira, mwanamke wa Kizungu anayejipaka mafuta usoni.

"Huyu nani kamwalika?" Babu aliuliza, na wafiwa wako kwenye benchi.

"Labda anamjua marehemu, Babu," akasema Awadhi, dereva bodaboda aliyekuja kutoa fotokopi ya leseni. Hata wafiwa wakacheka.

"Kaja jana, leo kahamisha vyungu vyote," Babu akanung'unika. "Chumvi iko wapi, hujui. Unapapasa jikoni kwako mwenyewe kama mwizi."

"Afadhali wewe. Simu yangu ilijibadilisha nikiwa nimelala. Asubuhi abiria anapiga, mimi natafuta pa kupokelea, mpaka kapanda pikipiki ya mwenzangu."

Hapo ndipo Babu aliponigeukia, pale mlangoni, na fagio langu.

"Zuena, mwanangu, macho yako mapya. Hebu njoo uone Mkwe kaficha wapi pa kuchapia."

Nilipaona. Sikuwa na la zamani la kusahau, kwa hiyo kwangu kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikanyoosha kidole. Babu akapiga paja, "Kumbe!" Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akavuta kiti cha Bibi Raheli, chenye mto wa maua, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia, akakiweka karibu na chake.

"Kaa hapa," akasema. "Usiende mbali."

Nikakaa.

Sasa niseme alichoniambia Gerald. Siku aliyoondoka nilimsindikiza stendi na mkoba wake. Tukiwa tunasubiri basi alinionyesha kwenye simu yake. "Mzee akishindwa kabisa, fungua hapa, halafu hapa, halafu bonyeza neno hili. Mfumo wa zamani unarudi kama ulivyokuwa. Ila usichelewe, Zuena. Zikipita siku kadhaa kompyuta inaufuta, na nafasi hiyo haipo tena. Yeye sijamwambia, maana angeurudisha kabla sijafika Segera. Wewe mwangalie tu. Ukiona anapata taabu, mwambie."

"Sawa, kaka," nilisema. Nikarudi huku nikiirudia ile njia kichwani, hapa, halafu hapa, halafu hapa, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilikusudia kumwambia. Asubuhi ile nilipoiona shingo yake nilikusudia kabisa, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha akasema "mwanangu".

Baada ya hapo aliniita kutwa. Zuena, kimekwenda wapi. Zuena, mfukuze huyu mama wa mafuta. Kati ya wito na wito alikuwa anaongea nami. Aliniambia jinsi Bibi Raheli alivyomkataa mara mbili, mara ya tatu akamkubali kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na pa kukimbilia. Alinisomesha maneno yaliyo kwenye kioo, na nilipokwama alisubiri, hakucheka, hakunimalizia. Wateja wakaanza kunisalimu kwa jina. Awadhi akawa ananiita fundi. Jioni moja shangazi Shamimu akaniangalia nikiwa napepeta mchele.

"Siku hizi unaongea, wewe. Umepata mchumba?"

"Hapana, shangazi."

"Basi kuna kitu."

Kila asubuhi nilijiambia, leo namwambia. Nikifika, nakuta kiti cha Bibi kimeshasogezwa, kinanisubiri. Najiambia, kesho. Na kila siku nilimwona Babu akikunja uso, akifuta macho, akijitukana chini chini kwa Kishambaa. Wasifu uliokuwa ukimchukua muda wa wafiwa kunywa chai sasa ulikula asubuhi nzima. Wafiwa walianza kutazama mashine.

Jumapili moja alipokwenda kanisani niliwasha kompyuta, nikaifuata njia ya Gerald. Hapa. Halafu hapa. Pale lilipotakiwa kuwa lile neno, palikuwa patupu. Nikatoka, nikaingia tena. Patupu. Mikono ilinipoa. Lakini chini ya ule ubaridi palikuwa na kitu kingine, kidogo, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ilikuwa nafuu.

Mvua zilipokaribia kwisha akafa Mzee Kaleb wa Vugiri, rafiki wa Babu tangu utoto. Asubuhi ya mazishi walishuka watu wawili: Upendo, binti yake wa mke wa kwanza, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, na Ernesti, mdogo wa marehemu. Gari lilikuwa linanguruma nje.

Kwa ajili ya rafiki yake Babu alimsahau Mkwe. Alinyoosha shingo, akawatazama usoni, na vidole vikaanza kudonoa kama zamani. Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye mashine ya fotokopi. Nilifurahi kumwona hivyo.

"Alinifundisha kuimba sauti ya pili jikoni, tukimenya ndizi," Upendo alikuwa anasema.

"Magimbi," Ernesti akasahihisha.

"Baba mdogo, ulikuwepo? Ulikuwa Tanga unakula maandazi."

"Hata nikiwa Tanga, kaka yangu namjua. Ndizi hakuwa anamenya."

Wakacheka, kisha Upendo akaanza kulia, na Babu akamwacha alie huku anaandika. Hapo ndipo nilipokiona kisanduku kikitokea katikati ya kioo. Kilikuwa kinauliza kama kompyuta ijizime na kujiwasha sasa hivi ili mambo mapya yaingie. Babu alikuwa anamtazama Upendo. Alimaliza aya yake, akagonga enta ashuke mstari, na kompyuta ikaichukua enta ile kuwa ndiyo.

Kioo kikawa cheusi. Babu akaendelea kuandika.

Nilifungua mdomo. Upendo alikuwa analia, Ernesti ameshika kofia kifuani, chumba kizima kina heshima ya msiba. Sauti haikutoka. Babu aliandika kwenye lile giza, akimtazama binti wa rafiki yake kwa upole, mpaka akamfikisha marehemu hospitali. Ernesti ndiye aliyesema, "Mzee Semboja, mbona imezima?"

Ilipowaka hapakuwa na kitu. Siku hizo zote Babu alihifadhi kazi mwisho, akishamaliza kusikiliza. Akaanza upya. "Marehemu alizaliwa," akaandika, akasimama, akatafuta kitu kwenye kioo, akagonga pasipotakiwa, yule mama wa mafuta akatokea. Nje dereva akapiga honi.

"Basi, mzee wangu," Ernesti akasema. "Nitasema kwa mdomo."

Tulipanda nao Vugiri. Kaburini Ernesti alisimama akasema vizuri tu, mpaka alipofika kwenye watoto. Akawataja wa mke wa pili mmoja mmoja, kwa kuwa walikuwa wamekaa mbele yake. Kisha akakunja mikono, akamkaribisha mchungaji. Upendo hakutajwa. Alikuwa amesimama nyuma, bado ameshika chupa ya chai aliyokuwa akimnywesha baba yake hospitalini, sijui kwa nini alikuwa nayo. Zamu yake ilipofika aliinama, akachukua udongo kama wengine.

Wakati wa kuteremka Babu alikaa nami nyuma ya gari. Tulipoiona Korogwe chini akanigeukia.

"Nimemtoa mtoto wa watu kwenye msiba wa baba yake," akasema. "Kichwa changu kimekwisha, Zuena."

Kesho yake aliifunika kompyuta kwa kanga ya Bibi Raheli. Akampigia Gerald simu aje amchukue, maana mzee aliyeanza kupotea haachwi peke yake. Benchi akasema lipelekwe kanisani. Mimi ningerudi Handeni.

"Babu, sasa tukifa nani atatuandika?" Awadhi aliuliza.

"Mfe taratibu," Babu akamjibu. "Atapatikana mtu."

Awadhi hakucheka. Siku zilizofuata nilimsikia Babu akijipima. Alikuwa anataja vituo vya reli kutoka Tanga, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni akihofia mmoja hayupo. Chai ilikuwa inapoa mbele yake.

Asubuhi ya kuja Gerald nilimkuta ameshavaa koti. Mkoba uko mlangoni. Kompyuta iko chini ya kanga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize. Tanga, Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi..." Akasita. "Kuna kimoja nimekiruka?"

"Sijui, Babu."

"Unaona? Zamani nilivitaja kinyumenyume." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kama angelia. "Mungu akubariki, Zuena. Wewe ndiye uliyenishikilia. Bila wewe ningeaibika mapema zaidi."

Niliweka kikombe mezani. Kiti cha Bibi kilikuwa kimerudishwa ukutani. Nikakivuta mwenyewe, bila kuitwa, nikakaa karibu naye. Aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wafiwa, akisubiri.

"Babu, kichwa chako kizima."

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji. Mfumo wa zamani ulikuwa unarudi. Kaka Gerald alinionyesha njia kule stendi, siku ile aliyoondoka. Nilikuwa naijua ulipotazama vidole vyako mara ya kwanza, na niliijua kila siku uliyoniambia nikae hapa. Nikanyamaza mpaka ukafutika. Na kioo kilipozima mbele ya Upendo nilikiona, nikanyamaza tena. Hujapotea, Babu. Ni mimi. Ulikuwa hujawahi kuniita, na nilipenda unavyoniita."