Nili ya Siku ya Saba

Dada yangu Hitsu alikuwa na mikono ya bluu hadi viwikoni. Hata akienda kuoga baharini alirudi nayo vilevile. Kisiwani kwetu kila mwanamke alipanda minili, mimea ya rangi ya bluu, uani na kila mmoja alimtilia mumewe rangi kitambaa cha kuvaa siku ya sherehe ya mavuno, lakini nili ya Hitsu ilikuwa nyingine. Wanaume waliokuwa wamevaa kazi za wake zao walipomwona shemeji yangu, mume wa Hitsu, anakuja, walijipanga upande wa pili wa uwanja wasilinganishwe naye.

"Mikono ya maiti hiyo," walimtania wanawake kisimani.

"Maiti huyu jana kakuzidi kubeba maji," naye aliwajibu. "Sijui wewe tukuite nani."

Mimi ni mdogo wake, naitwa Nae. Alinifundisha yote: kukata minili kabla haijatoa vile vimaua vyake vya waridi hafifu, kuloweka matawi, kutia chokaa ya matumbawe, kupiga maji hadi mkono ufe ganzi, kungoja tope la bluu litulie chini. Kisha kulilisha tope hilo ndani ya mtungi kwa majivu, pombe kali ya mchele na sukari guru, mpaka juu pachanue povu la zambarau. Mtungi wa nili unakula kama mtu. Usipoulisha unalala, na ukiuacha sana unakufa.

Mwaka ule wa mwisho wa vita, mwezi wa nne, jeshi liliamuru kisiwa kizima kihame. Tulitakiwa kuvuka mlango wa bahari, twende kisiwa kikubwa cha ng'ambo, kwenye msitu ambao babu zetu walikwenda kulima mpunga mchana na kurudi jua halijazama, kwa kuogopa homa. Ng'ombe wetu walichinjwa wote. Shemeji yangu alikuwa ameshakufa, meli yao ilizamishwa. Mume wangu alikuwa vitani, barua hakuna. Tukavuka wanawake watatu na watoto wawili: mama yetu mzazi, Hitsu na binti yake Kiyo wa miaka saba, mimi na binti yangu Tomi wa miaka mitatu.

Tulijenga kibanda cha makuti ya mwituni. Mvua ilinyesha mwezi mzima. Mvua ilipokatika mbu wakaanza, na baada ya mbu yakaja mazishi. Kibanda cha jirani walikuwa sita, wakabaki wawili. Kisha Kiyo akashikwa. Homa ilimjia siku moja, ikampumzisha siku moja, ikarudi. Ikimjia, alitetemeka hata vijiti vya kitandani vikagongana.

Kambi ya askari ilikuwa mwendo wa saa moja. Huko kulikuwa na koplo mmoja wa dawa, Higaki, kijana mwembamba ambaye naye macho yalishakuwa ya manjano. Hitsu alikwenda kumpigia magoti, nami nikamfuata.

"Dawa ya jeshi sina ruhusa ya kugawa, mama," alisema. "Nina kwinini yangu mwenyewe, vidonge ishirini. Na mimi naumwa."

Hitsu hakuinuka. Yule kijana akawa anautazama mkono wa koti kuukuu la dada yangu, akaushika kwa vidole viwili.

"Hii ni nili yenu ya huku?"

"Nimeitia mwenyewe."

"Baba yangu alikuwa mtia rangi. Amekufa akisema nili ya kusini hajawahi kuigusa." Akauachia ule mkono. "Nipatie kitambaa cha vazi moja nimpelekee mama. Nili iliyoiva kama hii. Nitakupa vidonge vyote."

Hitsu alikuwa na kitambaa. Alikiacha nyumbani ng'ambo, kimefumwa tayari, bado cheupe. Kurudi kisiwani kulikatazwa, lakini mzee wa kitongoji alituachia mtumbwi na makasia yake, akageuka kutazama milima kama hajatuona.

Mama yetu alibaki na watoto. "Siku nne," alituambia. "Ya tano nawalaani wote wawili."

Ilikuwa siku ya Kiyo ya kupumzika. Alikuwa ameketi mlangoni, anamsuka Tomi nywele zisizosukika.

"Mama, utaniletea sukari?"

"Nitakuletea. Umsikilize bibi."

"Kubwa?"

"Kubwa kama kichwa cha Tomi," alisema Hitsu, na watoto wakacheka.

Tulivuka alfajiri kwenye ukungu, kwa sababu mchana ndege zilikuwa zikipita. Kijiji kilikuwa kimya, paka tu ndio walitutokea. Mtungi wa Hitsu tuliukuta umelala. Alitia kidole, akakilamba, akatikisa kichwa. "Haujafa, lakini hauna kitu tumboni." Ilibidi tuanze na minili yenyewe. Hakuna aliyeikata tangu tuondoke, imetupita kifua na maua yameshaanza, na mnili ukishatoa maua majani yake hutoa rangi kidogo. Tukaikata yote ya uani. Tukaloweka siku mbili. Tukatia chokaa, tukapiga maji tukipokezana, tukangoja. Siku nne za mama ziliishia hapo, na kitambaa kilikuwa bado cheupe.

"Turudi tukawaone, kisha tuje tena?" Hitsu aliniuliza.

"Tukionwa tunavuka mara mbili, hatuvuki tena," nikamjibu. Hilo lilikuwa kweli.

Pombe tuliikuta imefukiwa kwa jirani. Sukari guru tuliipata donge moja chini ya sakafu ya nyumba ya Hitsu, kubwa kama ngumi. Aliligawa kwa jiwe, nusu akaitia mtungini, nusu akaifunga kwenye leso na kuitia kifuani. Siku ya tano povu lilichanua, dogo. Siku ya sita tulianza kuchovya. Kitambaa kilitoka kijani, kikapigwa na upepo kikageuka bluu, tukakirudisha. Tulichovya mara tisa. Jioni Hitsu alikitandaza juu ya ukuta wa mawe, akakitazama kwa muda mrefu.

"Inatosha," alisema. "Kesho alfajiri tunavuka."

Nami nikasema. Maneno yenyewe nayakumbuka moja moja.

"Dada, hii ni bluu ya maji. Yule ni mtoto wa mtia rangi. Akikikataa tutakuwa tumekuja bure. Siku moja tu zaidi."

"Mtungi umechoka."

"Ulishe."

"Niulishe nini? Kilichobaki ni cha Kiyo."

"Kiyo anataka dawa, dada, hataki sukari."

Aliitoa ile leso taratibu. Akalivunja donge juu ya mtungi, akajifuta vidole kwenye sketi yake, wala hakuvilamba.

Siku ya saba mtungi ulitupa ulichokuwa nacho. Kitambaa kilitoka kizito, bluu inayokaribia weusi, ile ambayo ukiikunja inang'aa kidogo wekundu. Sijawahi kuona nili kama ile kabla wala baada yake. Nilifurahi. Nilimshika dada yangu mabega nikamtikisa kwa furaha, naye akatabasamu.

Siku ya nane asubuhi tulishuka ng'ambo. Mama alikuwa mtoni mbele ya kibanda, anaosha mkeka. Alituona, akaendelea kuosha. Hitsu alisimama na kile kitambaa mkononi.

"Mama. Kiyo?"

"Jana saa za mchana," mama alisema. "Tumemzika leo kabla jua halijatoka. Sikuweza kumkalisha zaidi, joto hili."

"Aliniuliza?"

Mama akaukamua mkeka. "Mwisho hakuuliza kitu, mwanangu. Alikuwa amelala."

Hitsu aliingia mtoni. Aliketi majini, pale pale penye kina cha magoti, na maji yakawa yanampita. Mimi niliingia kibandani. Tomi alikuwa chini, uso unamwaka, meno yanagongana. Alikuwa ameanza jana yake.

Nilipotoka, Hitsu hakuwapo mtoni. Alikuwa amekwenda kambini peke yake, miguu mitupu. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na mwanamke wa kitongoji chetu aliyekuwa anachota maji kambini. Koplo Higaki alikifungua kile kitambaa, akakiweka usoni, akalia. Akampa vidonge ishirini vyote. Kisha akamwambia, "Hata kingekuwa cheupe ningevitoa, mama. Nilikuwa nawangoja tangu juzi."

Hitsu alirudi jua limesimama utosini. Alinitia karatasi ya vidonge kiganjani na kuvifumba vidole vyangu.

"Mpondee. Ni vichungu. Mpe nusu kwanza."

"Dada..."

"Mpe mtoto dawa, Nae."

Nilimpa. Sikusita hata kidogo. Wakati dada yangu amekaa nje ya mlango na mavazi hayajamkauka, mimi ndani nilikuwa nahesabu vidonge na kushukuru.

Tomi alipona. Mama tulimzika mwezi wa nane. Vita vikaisha, tukarudishwa kwetu, na katika kitongoji chetu theluthi nzima haikurudi. Mume wangu naye hakurudi.

Hitsu hakutia rangi tena. Alilima viazi vitamu. Ilipofika masika mikono yake ilikuwa imekwisha kuwa kama ya watu wengine, na wale wa kisimani waliobaki hawakumtania. Minili yake ilijiotea, ikatoa maua, mbuzi wakaila. Watu walipokuja kumwomba awafundishie binti zao aliwajibu, "Nimesahau." Wakaja kwangu.

Tulikaa nyumba mbili zinazotazamana. Tomi alikulia zote mbili. Alimwita Hitsu mama mkubwa, na huyo ndiye aliyemsuka, aliyempeleka shule siku ya kwanza, aliyemchapa alipokwea ukuta wa makaburi. Mimi niliwatazama kutoka mlangoni kwangu. Kila mwaka mwezi wa saba, mwezi aliokufa Kiyo, Hitsu aliazima mtumbwi, akavuka peke yake, akarudi jioni. Sikuwahi kuthubutu kumwambia nakuja nawe.

Tomi alipofika miaka ishirini na mbili akaposwa na fundi wa mashua wa kisiwa cha jirani. Siku mbili kabla ya harusi tulikuwa uani, mimi na Hitsu, tunapara magamba ya samaki. Sijui kilichonisukuma.

"Dada, ile siku ya saba. Mimi ndiye niliyesema tukae."

Kisu chake hakikusimama. "Ulisema."

"Na sukari."

"Na sukari."

"Mbona hujanitukana hata mara moja, miaka yote hii?"

"Nani kakwambia?" Akamgeuza samaki. "Nilikutukana kila siku, humu ndani. Asubuhi naanza vizuri kabisa, nakutukana wewe na huyo koplo na mama. Halafu Tomi anaingia, mama mkubwa, una viazi? Nasahau nilikuwa nimefika wapi."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Kasia nilikuwa nalo mimi, Nae," alisema baadaye. "Ningetaka ningekuacha pale pale na kitambaa chako. Mimi pia nilitaka kukiona kimeiva. Hilo ndilo siwezi kujisamehe." Akainuka na bakuli la samaki akaingia jikoni.

Harusi ilipita. Chombo kilimchukua Tomi, na Hitsu akafunga mlango wake siku tatu. Siku ya nne alikuja na viazi, tukala.

Mwezi wa saba ulipofika alisimama mlangoni kwangu na makasia mawili. Tulivuka. Tulipogusa mchanga wa ng'ambo alishuka, akanigeukia.

"Wewe kaa hapo. Usishuke."

Nilikaa mtumbwini mpaka aliporudi. Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata. Nilikaa mtumbwini miaka kumi. Mwaka wa kumi na moja miguu yake ilikuwa imevimba, na tulipofika alijaribu kuinuka mara mbili akashindwa. Akatazama msitu, akavuta pumzi.

"Pita mtoni, pinda kushoto," alisema. "Kaburi la Kiyo lina mawe matatu. Nenda wewe."

Nilikwenda. Nyasi zilinifika kiunoni. Nilipiga magoti nikaanza kuzing'oa.