Damu ya Mama, Uchawi wa Zedekiah

Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameanza kusomwa kanisani mchumba wangu Tobias alipopata elimu. Mwaka ulikuwa 1956. Mimi nilikuwa yaya kwa Wazungu kule Kitisuru, yeye dresa, msaidizi wa kuuguza, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na daktari alikuwa akiwafundisha yeye na wenzake jinsi wazimu unavyofuata damu.

Jumapili moja akaja, akachuchumaa nyuma ya jiko la memsahibu na kuchora duara mchangani kwa kijiti. Lile lilikuwa mama yangu. Akavuta mstari hadi kwangu, kisha mistari mingine hadi kwa watoto ambao hata hatujawazaa. Nikamwambia mama alishikwa na wazimu mara moja tu, alipojifungua kitinda mimba wake, akapona, na tangu hapo ndiye anayetulimia. Akasema damu haiponi. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

Nyani haoni kundule. Nikamuuliza mbona hajachora kwao, maana mwenyewe alinisimulia habari za baba yake mdogo, Zedekiah, anayefungwa kamba nguzoni kila kichaa kinapompanda.

"Huyo alirogwa, Nzembi," akasema. "Majirani walimwonea wivu. Hiyo haiko kwa damu."

Akafuta mchoro kwa kiatu, akaenda kwa mchungaji kuvunja uchumba. Nililia, sifichi. Nililia nikipiga pasi shuka za watu, na nilimchukia.

Mwaka haujaisha, mama mmoja aitwaye Selpher akanitafuta hadi Kitisuru. Tobias alikuwa amemposa Phoebe, binti ya kaka yake huyo mama, na kwao msichana haolewi kabla ukoo wa mume haujaulizwa: kuna wachawi, kuna wezi, kuna vichaa? Alisikia niliwahi kuwajua watu wa Tobias, na jinsi uchumba wetu ulivyovunjika. Roho yangu ikafurahi kwa ubaya. Nikamweleza yote ya Zedekiah, kamba, nguzo, mayowe hadi asubuhi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama mzee huyo alizaliwa hivyo ama alirogwa.

"Wao wanasema alirogwa," nikajibu.

Akashusha pumzi, akakaza leso yake kiunoni, akasimama.

"Basi afadhali, binti yangu," akasema. "Niliogopa ni kama ya mama yako."